Pembe Nane za Mkingamo: Mistari Sambamba na Mstari Unaoikata

Mistari miwili ni sambamba ikiwa imo kwenye bapa moja na haikutani kamwe, hata ikirefushwa pande zote mbili bila kikomo. Kingo mbili za rula, mistari ya daftari, na reli mbili zilizolazwa mahali tambarare pasipo na kona ni mifano ya kila siku. Mstari wa tatu ukipita na kuikata yote miwili, huo huitwa mkingamo. Neno hilo limetoka kwenye kitenzi kingama, yaani kulala kwa kukatiza njia, kama gogo lililoangukia barabara.

Mkingamo unapoikata mistari miwili huzaa pembe nane: nne kwenye makutano ya kwanza na nne kwenye makutano ya pili. Mistari ikiwa sambamba, pembe hizo nane haziwi na ukubwa wa aina nane. Huwa za ukubwa wa aina mbili tu, na jumla ya aina hizo mbili ni nyuzi 180. Kwa hiyo pembe moja ikijulikana, nyingine saba hujulikana bila kupimwa.

Uhusiano huo hufanya kazi pia ukianzia upande wa pili. Pembe zikipimwa na kukutwa zinalingana inavyotakiwa, mistari hujulikana kuwa ni sambamba. Hapa ndipo thamani kubwa ya somo hili ilipo. Hakuna awezaye kuufuata mstari usio na mwisho ili ahakikishe kwamba haukutani na mwenzake, lakini yeyote mwenye kipimapembe anaweza kupima pembe mbili pale mkingamo unapopita. Jambo linalohusu umbali usio na kikomo huamuliwa kwa kipimo cha mahali padogo.

Mchoro na majina ya pembe

Mchoro wa kawaida una mstari AB juu na mstari CD chini yake, yote miwili imelala. Mkingamo unapanda kutoka chini kushoto kwenda juu kulia. Unaukata mstari CD kwenye nukta Q, kisha unaukata mstari AB kwenye nukta P. Usambamba huonyeshwa kwa kuchora kichwa kidogo cha mshale katikati ya kila mstari, na kwa maandishi huandikwa AB ∥ CD.

Pembe nne zinazoizunguka nukta P hupewa herufi kwa mwendo wa saa: a iko juu kushoto, b juu kulia, c chini kulia, na d chini kushoto. Pembe nne za nukta Q hufuata mpangilio uleule: e iko juu kushoto, f juu kulia, g chini kulia, na h chini kushoto.

Eneo lililo kati ya mistari miwili huitwa ndani, na lililo juu ya AB au chini ya CD huitwa nje. Hivyo pembe c, d, e na f ni za ndani, na pembe a, b, g na h ni za nje. Mkingamo nao una pande mbili, kushoto na kulia. Majina yote yanayofuata hutegemea maswali hayo mawili tu: je, pembe iko ndani au nje, na je, iko upande gani wa mkingamo?

Makutano mamoja

Kabla ya kuoanisha makutano mawili, yafaa kutazama makutano mamoja peke yake. Pembe mbili zilizo jirani na zinazolala juu ya mstari mmoja mnyoofu zina jumla ya nyuzi 180. Pembe a na b ni za namna hiyo, kwa kuwa kwa pamoja zinaujaza upande mzima wa juu wa mstari AB. Pembe b na c pia zina jumla hiyo, kwa kuwa zinaujaza upande mzima wa kulia wa mkingamo.

Kutokana na hilo hupatikana kanuni ya pembe mkabala, yaani pembe mbili zinazotazamana kwenye makutano, kama zilivyo katika herufi X. Pembe a ikijumlishwa na b huwa nyuzi 180, na pembe c ikijumlishwa na b pia huwa nyuzi 180. Basi a na c lazima ziwe sawa, maana kila moja ni kile kinachobaki b inapotolewa kwenye 180. Kwa njia hiyohiyo b ni sawa na d, e ni sawa na g, na f ni sawa na h. Kanuni hii haihitaji usambamba wowote. Ni kweli popote mistari miwili minyoofu inapokatana.

Jozi zinazounganisha makutano mawili

Usambamba huanza kuhitajika pembe za P zinapolinganishwa na zile za Q. Jozi zenyewe ni za aina tatu kuu.

Aina ya kwanza ni pembe za nafasi moja. Hizi ni pembe zinazokaa mahali palepale katika makutano yote mawili: a na e ni za juu kushoto, b na f za juu kulia, c na g za chini kulia, d na h za chini kushoto. Mistari ikiwa sambamba, kila jozi ya aina hii ni sawa. Sababu yake huonekana kwa urahisi mstari AB unapowaziwa kuwa ufito unaoteleza juu ya mkingamo bila kuzungushwa. Ukiteremshwa hadi P iangukie juu ya Q, ufito huo hulala juu ya CD kabisa, kwa kuwa uelekeo wake ni uleule. Pembe nne za juu hufunika pembe nne za chini, kila moja ikiangukia mwenzake. Wanafunzi wengi huzitambua jozi hizi kwa umbo la herufi F, iwe imesimama, imepinduliwa au imegeuzwa.

Aina ya pili ni pembe mbadala. Hizi hukaa pande tofauti za mkingamo na kwenye makutano tofauti. Zikiwa ndani huitwa pembe mbadala za ndani, nazo ni c na e, pamoja na d na f. Zikiwa nje huitwa pembe mbadala za nje, nazo ni a na g, pamoja na b na h. Mistari ikiwa sambamba, kila jozi ni sawa. Uthibitisho ni mfupi: d ni sawa na b kwa kuwa ni mkabala, na b ni sawa na f kwa kuwa ni za nafasi moja, kwa hiyo d ni sawa na f. Umbo linalozitambulisha pembe mbadala za ndani ni herufi Z.

Aina ya tatu ni pembe za ndani za upande mmoja. Hizi ni c na f upande wa kulia, na d na e upande wa kushoto. Hazilingani, isipokuwa mkingamo umesimama wima juu ya mistari. Sifa yake ni kwamba jumla yake ni nyuzi 180. Pembe c na b zina jumla ya 180, na b ni sawa na f, hivyo c na f nazo zina jumla ya 180. Umbo lake hufanana na herufi U iliyolazwa ubavu. Pembe za nje za upande mmoja, yaani a na h pamoja na b na g, hufuata kanuni hiyohiyo.

Mfano wa namba huweka mambo haya wazi. Ikiwa pembe b ni nyuzi 65, basi d ni 65 kwa kuwa ni mkabala wake, f ni 65 kwa kuwa ni ya nafasi moja nayo, na h ni 65 kwa kuwa ni mbadala wake wa nje. Pembe a ni 180 kutoa 65, yaani nyuzi 115, na hizo ndizo nyuzi za c, e na g. Mkingamo ukisimama wima, aina mbili za ukubwa huungana kuwa moja, na pembe zote nane huwa pembe mraba za nyuzi 90.

Kutafuta pembe isiyojulikana

Maswali ya mitihani huficha mara nyingi pembe ndani ya herufi. Tuseme pembe mbili mbadala za ndani ni 3x + 10 na 5x − 30, kwa nyuzi. Kwa kuwa pembe mbadala ni sawa, 3x + 10 = 5x − 30, hivyo 2x = 40 na x = 20. Kila pembe ni nyuzi 70. Zikiwa ni pembe za ndani za upande mmoja, tuseme 2x + 15 na 3x + 15, kinachotumika ni jumla: 5x + 30 = 180, hivyo x = 30, na pembe ni nyuzi 75 na 105. Kabla ya kuandika mlingano wowote, hatua muhimu ni kuitambua jozi, maana jozi ndiyo inayoamua kama mlingano utakuwa wa usawa au wa jumla.

Kuna maswali ambayo mkingamo wake umevunjika katikati. Njia inaanza kwenye nukta K ya mstari wa juu, inashuka hadi nukta M iliyo kati ya mistari, inapinda kona, kisha inashuka hadi nukta L ya mstari wa chini. Pembe kali kati ya njia na mstari wa juu ni nyuzi 40, na ile ya chini ni nyuzi 35, zote zikifunguka upande ulio kinyume na ule ambako kona ya M inafunguka. Swali ni ukubwa wa pembe ya M. Hapa hakuna kanuni inayotumika moja kwa moja, kwa kuwa hakuna mstari mmoja mnyoofu unaoikata mistari yote miwili. Dawa yake ni kuchora mstari wa tatu unaopita M na ulio sambamba na ile miwili. Mstari huo unaigawa pembe ya M mara mbili. Sehemu ya juu ni mbadala wa nyuzi 40, na sehemu ya chini ni mbadala wa nyuzi 35. Pembe ya M ni nyuzi 75.

Mbinu hiyo ya kuongeza mstari ambao haukuwapo kwenye swali ni miongoni mwa silaha kongwe za jiometri. Mstari ulioongezwa haubadilishi chochote katika umbo. Unafichua tu uhusiano uliokuwapo tangu mwanzo.

Kutoka pembe kwenda usambamba

Mambo yote yaliyotangulia yalianza na mistari inayojulikana kuwa sambamba. Kanuni ya kinyume husema hivi: ikiwa jozi moja ya pembe za nafasi moja ni sawa, au jozi moja ya pembe mbadala ni sawa, au jozi moja ya pembe za ndani za upande mmoja ina jumla ya nyuzi 180, basi mistari hiyo miwili ni sambamba. Jozi moja inatosha.

Mafundi hutegemea kanuni hii kila siku. Seremala anayetaka kuchora mistari sambamba juu ya ubao huegemeza guniya kwenye ukingo ulionyooka, huchora mstari, huisogeza guniya mbele, kisha huchora tena. Ukingo wa ubao ni mkingamo, na guniya inahakikisha kwamba pembe za nafasi moja ni sawa kila mara. Mwashi anayesimamisha nguzo mbili kwa timazi juu ya sakafu iliyosawazishwa kwa pimamaji anapata pembe mbili za ndani zenye nyuzi 90 kila moja. Jumla yake ni 180, na nguzo zinakuwa sambamba.

Mlango wa mbao wenye papi mbili za kulala na moja ya mshazari ni herufi Z kamili. Papi mbili za kulala ni mistari sambamba, na ile ya mshazari ni mkingamo. Pembe ambayo mshazari unaifanya na papi ya chini ni mbadala wa ile unayoifanya na papi ya juu. Kwa hiyo fundi hupima pembe ya ncha moja tu, na msumeno hukata ncha ya pili kwa pembe hiyohiyo. Katika paa la nyumba ya makuti nako, kombamoyo za upande mmoja hulazwa sambamba na fito hufungwa kwa kuzikingama. Ufito ukinyooka, hufanya pembe ileile na kila kombamoyo, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho.

Jicho peke yake halitoshi kwa kazi hii. Mwaka 1860 mwanafizikia Mjerumani Johann Karl Friedrich Zöllner alieleza mchoro ambao mistari mirefu iliyo sambamba kabisa imekatwa na vijistari vifupi vingi vya mshazari, uelekeo wa vijistari ukibadilika kutoka mstari mmoja hadi unaofuata. Kila anayeutazama huiona mistari mirefu kana kwamba inakaribiana upande mmoja na kuachana upande mwingine. Kipimapembe kikiwekwa, udanganyifu hufichuka mara moja.

Kwa nini pembe sawa huzuia mistari kukutana

Kanuni ya kinyume inaweza kuthibitishwa kwa hoja fupi ya mzunguko. Tuseme pembe mbadala d na f ni sawa, na nukta N ni katikati ya P na Q. Mchoro mzima ukizungushwa nyuzi 180 kuizunguka N, P huangukia Q na Q huangukia P. Kwa kuwa d na f ni sawa, mstari AB huangukia mahali pa CD, na CD mahali pa AB. Mchoro baada ya kuzungushwa ni uleule wa awali.

Sasa ikidhaniwa kwamba mistari hiyo inakutana mahali fulani upande wa kulia, basi mzunguko huo utayapeleka makutano hayo upande wa kushoto. Mistari itakuwa imekutana mara mbili, kulia na kushoto. Lakini kwenye bapa mistari miwili tofauti iliyonyooka haiwezi kukutana katika nukta mbili. Basi haikutani hata mara moja, nayo ni sambamba.

Kanuni ya kwanza, yaani kwamba usambamba huleta pembe sawa, inahitaji kitu cha ziada. Tuseme AB na CD ni sambamba, lakini pembe zake mbadala si sawa. Kupitia P unaweza kuchorwa mstari mwingine unaofanya pembe mbadala zilizo sawa. Kwa hoja iliyotangulia, mstari huo mpya nao ni sambamba na CD. Sasa kuna mistari miwili inayopita P, yote sambamba na CD. Ili kulikataa jambo hilo, lazima ikubaliwe kwamba kupitia nukta moja iliyo nje ya mstari hupita mstari mmoja tu ulio sambamba nao.

Euclid na msingi wa tano

Tofauti hii kati ya kanuni mbili ilijulikana zamani sana. Euclid, aliyefanya kazi Aleksandria huko Misri yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, aliandika vitabu 13 vya Misingi, ambavyo kwa Kigiriki huitwa Stoicheia. Katika kitabu cha kwanza, kauli ya 27 na ya 28 zinatoka pembe kwenda usambamba, na kauli ya 29 inatoka usambamba kwenda pembe. Euclid alipanga kauli 28 za kwanza bila kuutumia msingi wake wa tano, mmoja wa misingi mitano aliyoikubali bila uthibitisho. Aliutumia kwa mara ya kwanza katika kauli ya 29.

Msingi huo wa tano wenyewe unahusu mkingamo. Unasema kwamba mstari ukiikata mistari miwili na pembe za ndani za upande mmoja zikawa na jumla iliyo pungufu ya pembe mraba mbili, basi mistari hiyo ikirefushwa itakutana upande huohuo. Maneno ya mstari mmoja tu sambamba kupitia nukta yalienezwa na Mskoti John Playfair katika kitabu chake cha mwaka 1795, nayo hutumika badala ya yale ya Euclid kwa kuwa ni mepesi kukumbuka.

Msingi huo ni mrefu kuliko mingine minne, na kwa zaidi ya miaka elfu mbili wataalamu waliuona kama kauli inayopaswa kuthibitishwa. Proclus alijaribu katika karne ya tano. Ibn al-Haytham, Omar Khayyam na Nasir al-Din al-Tusi waliuchunguza kwa kina katika ulimwengu wa Kiislamu kati ya karne ya 11 na ya 13. Mwitalia Giovanni Saccheri alichapisha jaribio lake mwaka 1733. Hatimaye Mrusi Nikolai Lobachevsky mwaka 1829 na Mhungaria János Bolyai mwaka 1832 walichapisha, kila mmoja kwa njia yake, jiometri kamili ambamo msingi huo haushiki: kupitia nukta moja hupita mistari mingi isiyokutana na mstari uliopewa, na pembe mbadala hazilazimiki kuwa sawa. Euclid alikuwa amefanya vyema kuuweka kuwa msingi.

Jumla ya pembe za pembetatu

Tunda la kwanza la pembe mbadala ni kanuni ambayo kila mwanafunzi anaijua: jumla ya pembe za ndani za pembetatu ni nyuzi 180. Kupitia kipeo cha juu cha pembetatu huchorwa mstari ulio sambamba na kitako chake. Ubavu wa kushoto ni mkingamo, hivyo pembe ya kushoto ya kitako ni sawa na mbadala wake ulioko juu. Ubavu wa kulia nao ni mkingamo, na pembe ya kulia ya kitako ni sawa na mbadala wake. Kwenye kipeo sasa kuna pembe tatu zinazolala juu ya mstari mmoja mnyoofu, nazo ni pembe tatu za pembetatu. Jumla yake ni nyuzi 180.

Maumbo mengine hufuata. Pembenne hugawanyika kuwa pembetatu mbili, hivyo jumla yake ni nyuzi 360. Umbo lolote lenye pande n hugawanyika kuwa pembetatu n − 2, na jumla ya pembe zake ni nyuzi 180 mara n − 2. Katika msambamba, kila ubavu ni mkingamo wa jozi ya pande sambamba. Pembe zilizo jirani zina jumla ya 180, na kwa sababu hiyo pembe zinazotazamana ni sawa.

Kuipima dunia kwa pembe mbadala

Matumizi mashuhuri kuliko yote ya pembe mbadala ni ya Eratosthenes, mkuu wa maktaba ya Aleksandria katika karne ya tatu kabla ya Kristo. Ilijulikana kwamba mjini Syene, ambao leo ni Aswan, katika siku ndefu kuliko zote ya mwaka, jua la saa sita mchana lilimulika hadi chini ya kisima. Maana yake lilikuwa utosini kabisa. Wakati huohuo Aleksandria, kaskazini mwa Syene, kitu kilichosimama wima kilitupa kivuli. Pembe kati ya kitu hicho na mwale wa jua ilikuwa sehemu moja ya 50 ya duara, yaani nyuzi 7.2.

Jua liko umbali wa karibu kilomita milioni 150, kwa hiyo miale yake inayofika mahali pawili duniani inaweza kuchukuliwa kuwa sambamba. Mwale wa Syene ukirefushwa hufika kitovu cha dunia. Kijiti cha wima cha Aleksandria kikirefushwa chini nacho hufika kitovu hichohicho, na mstari wake ni mkingamo wa miale miwili. Pembe iliyopimwa kwenye ncha ya kijiti ni mbadala wa pembe iliyoko kwenye kitovu cha dunia, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kufika. Kwa kuwa pembe hizo ni sawa, umbali kutoka Syene hadi Aleksandria ni sehemu moja ya 50 ya mzingo wa dunia. Umbali huo ulihesabiwa kuwa stadia 5,000, na mzingo ukawa stadia 250,000.

Kipimo hicho chaweza kurudiwa Afrika Mashariki bila chombo cha gharama. Nanyuki nchini Kenya iko kwenye ikweta, na Morogoro nchini Tanzania iko karibu nyuzi 6.8 kusini mwake, zikikaribia kuwa kwenye longitudo moja. Karibu na tarehe 20 Machi, usiku na mchana vinapolingana, jua la adhuhuri hupita utosini Nanyuki na kijiti cha wima hukosa kivuli. Siku hiyohiyo kijiti cha mita moja mjini Morogoro hutupa kivuli cha sentimita 12 hivi kuelekea kusini, wakati kivuli kinapokuwa kifupi kabisa, muda mfupi baada ya saa sita na nusu mchana. Kivuli hicho ni cha pembe ya nyuzi 6.8. Umbali wa kaskazini hadi kusini kati ya miji hiyo ni karibu kilomita 755. Duara zima lina nyuzi 6.8 takriban mara 53, na 755 mara 53 ni kama kilomita 40,000, ambao ndio mzingo wa dunia.

Mahali kanuni inapokoma

Kanuni hizi zote ni za bapa. Juu ya uso wa tufe, mistari iliyonyooka kuliko yote ni duara kubwa, kama ikweta na mistari ya longitudo. Msafiri anayeanza Nanyuki na mwingine anayeanza Kayabwe nchini Uganda, mahali barabara ya Kampala kwenda Masaka inapoikata ikweta, wote wakienda kaskazini moja kwa moja, njia zao hufanya pembe mraba na ikweta. Ikweta ni mkingamo, pembe za nafasi moja ni sawa, na pembe za ndani za upande mmoja zina jumla ya nyuzi 180. Kwenye bapa njia hizo zingekuwa sambamba. Juu ya dunia zinakutana kwenye ncha ya kaskazini.

Hoja ya mzunguko inaonyesha kilichobadilika. Ilitegemea kwamba mistari miwili haiwezi kukutana mara mbili, lakini juu ya tufe duara kubwa mbili hukutana mara mbili daima, na longitudo zote hukutana kaskazini na kusini. Matokeo yake yanaonekana kwenye pembetatu: ile inayofanywa na Nanyuki, Kayabwe na ncha ya kaskazini ina pembe mbili za nyuzi 90, na ya tatu ya nyuzi 5 hivi, kwa kuwa hiyo ndiyo tofauti ya longitudo ya mahali hapo pawili. Jumla yake ni karibu nyuzi 185.

Katika kiwanja cha nyumba, kwenye ubao wa seremala au kwenye ukurasa wa daftari, mviringo huo wa dunia ni mdogo mno kuonekana, na kanuni za bapa hutumika bila wasiwasi. Kinachobaki kuangaliwa ni sharti lake la kwanza. Mistari isipokuwa sambamba, mkingamo bado huzaa pembe nane, na bado kuna jozi za nafasi moja, mbadala na za ndani. Kinachokosekana ni usawa wake. Kwa sababu hiyo kila hesabu ya pembe hizi huanza kwa kuandika ni mistari ipi iliyo sambamba, na kutaja jina la jozi inayotumika, kabla ya kuandika namba yoyote.